Mistari Ishirini ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza rasmi. Nimefika kazini viatu mkononi, na mlinzi wa getini kanicheka kana kwamba yeye mvua inamkwepa. Chumba cha mashine ni kikavu, namshukuru Mungu. Kiko nyuma ya chumba cha eksirei, hakina dirisha, na humo ndimo ilimo seva inayotunza picha zote za hospitali yetu ya mifupa: viuno, magoti, vidole vya watoto waliobanwa na milango. Picha ikipotea, mgonjwa anarudi kupigwa upya, na wengine wanatoka mbali.

Leo pia wifi yangu ameanza kazi. Mimi zamu ya asubuhi, yeye mchana hadi jioni. Nilimwombea mwenyewe kwa daktari mkuu, maana tangu ndoa yake ivunjike anaishi kwa mama yake, chumba kimoja na binti yake, na mama mkwe wangu halali bila kumkumbusha. Yuko kwenye majaribio kwanza. Akithibitishwa atapanga chumba chake. Kaniambia hilo tu ndilo analolitaka duniani, mlango wake na ufunguo wake.

Nyumbani tunamwita Chumvi. Mtume nyanya sokoni, nyanya zitakuja na hadithi: nani kaanguka, nani kagombana na nani, na muuza nyanya kavaa nini. Hapunguzi kitu, anaongeza. Mimi nampenda, ila mimi ni mtu wa sema ulichojia.

Nimemfundisha amri ya kwanza, dmesg. Ukiiandika, mashine inakumwagia kila ilichokisema chini chini: diski hii nimeiona, waya ule umekatika, umeme umetetereka. Akasoma kuanzia mstari wa juu kabisa, kidole kwenye skrini, kama anasoma barua ya mchumba.

"Kumbe inasema hivi! Kama mama, haisahau kitu."

"Isome tu. Ukiona neno baya niambie."

Mimi sina muda huo. Nilijitungia amri yangu ya mkato zamani, nikaiita asubuhi. Nikiandika asubuhi, mashine inanipa mistari ishirini ya mwisho, kisha inafuta yote iliyosema, ili kesho nianze na ubao safi. Mashine yenye afya haisemi hata mistari kumi kwa siku, kwa hiyo ishirini inatosha na kubaki. Kulikuwa na huduma nyingine iliyoyanakili maneno hayo kwenye diski, lakini mwaka jana diski ilikaribia kujaa nikaizima. Sijaona hasara.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Asubuhi imeniletea waya wa mtandao tu: umekatika, umerudi, umekatika, umerudi, mpaka chini. Unyevu umeingia kwenye kichwa cha waya. Nimeandika ombi la fundi.

Ijumaa, 7 Machi

Waya. Fundi hajaja.

Jumatano, 12 Machi

Wifi hakufunga hata mwavuli.

"Wifi, diski inalia."

"Inaliaje?"

"Jana nimekaa zangu, wale wa eksirei wakaanza kuleta picha za mchana. Mara mashine inasema imeshindwa kusoma. Inajaribu tena, inashindwa tena. Mwenzio nilishika kifua, nikasema leo ndiyo leo!"

"Mistari mingapi?"

"Chungu nzima!"

Muulize Chumvi idadi ya kitu chochote, jibu ni hilo. Nikamwambia nimetazama asubuhi na sikuona ila waya wa mtandao. Akaniuliza kama nimesoma mpaka juu. Nikasema nimesoma. Tukaandika dmesg pamoja, na kweli palikuwa na waya tu, mistari michache ya tangu nilipofuta.

"Iko wapi sasa?"

"Umefuta, wifi."

"Nimefuta nilichokwisha kukisoma. Palikuwa na waya."

Alitaka kusema jambo, akaacha. Nilifurahi kwamba ameacha, maana nilikuwa na foleni ya mkate.

Ijumaa, 14 Machi

Waya. Wifi anasema diski tena. Nimemwambia unyevu unaweza kuichanganya mashine ikasema lolote. Si kweli sana, lakini ilimnyamazisha.

Jumatatu, 17 Machi

Leo kaja na karatasi. Simu haziruhusiwi kuingia chumbani kwa ajili ya siri za wagonjwa, kuna sanduku mlangoni tunaziacha humo, kwa hiyo ameinakili mistari kwa mkono. Kwa kalamu ya bluu, yote, na saa zake. Diski imeshindwa kusoma sehemu fulani. Imeshindwa kuandika sehemu fulani.

Nilikuwa na njaa na miguu imelowa. Nikamwambia, "Kwa kalamu hata mimi naweza kuandika kwamba ng'ombe ametaga."

"Nimetunga?"

"Sijasema umetunga. Nasema mashine asubuhi haisemi hivyo."

"Basi baki jioni moja uone."

Nikamwambia nina watoto wa kupikia. Yeye pia ana mtoto, lakini hakunijibu hivyo. Karatasi niliiweka chini ya kikombe cha chai, ikapata duara, nikaitupa.

Jumatano, 19 Machi

Waya mpaka chini. Fundi wa waya kasema atakuja mvua ikipungua. Kama ingepungua ningemhitaji wa nini?

Ijumaa, 21 Machi

Mume wangu kaniuliza mbona dada yake hatii tena mguu kwetu. Nikasema kazi zimembana. Kweli ni kwamba mchana tukipokezana zamu anasema tu "habari za asubuhi" na mimi nasema "nzuri", basi.

Jumanne, 25 Machi

Hii siku naiandika ingawa siipendi.

Jana wifi alipanda juu kwa daktari mkuu bila kunipitia. Alimwambia diski inakufa, inunuliwe nyingine, picha zihamishwe kabla hazijapotea. Leo asubuhi daktari akashuka, na wifi akaitwa kutoka nyumbani. Daktari wetu ni mtu wa mifupa, haamini kisichoonekana kwenye picha. Akasimama nyuma ya kiti changu, mikono mfukoni.

"Nionyesheni."

Nilikuwa nimekwisha kufanya asubuhi yangu kama kila siku. Nikaandika dmesg mbele yake. Skrini ikatoa mistari mitatu: waya umekatika, umerudi, umekatika.

"Diski iko wapi hapa?"

"Jana jioni ilikuwepo, daktari," wifi akasema. "Naapa. Njoo leo jioni utazame kwa macho yako."

"Jioni niko upasuaji." Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mkuu wa chumba hiki. Asubuhi ulitazama?"

"Nilitazama."

"Uliona habari ya diski?"

"Hapana."

"Ulisoma yote?"

"Yote."

Nilisema bila kusita. Niliudhika kwamba nimerukwa, kwamba mtu niliyemwingiza mlangoni amepanda ngazi kwenda kunisema. Daktari akatikisa kichwa.

"Sasa huyu anayapata wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Badala yake nilicheka kidogo, nikasema, "Daktari, nyumbani tunamwita Chumvi."

Daktari akacheka. Mtu wa eksirei aliyechungulia mlangoni akacheka. Wifi akachukua mwavuli wake akatoka, na mvua ilikuwa kubwa.

Jumatano, 26 Machi

Amekuja zamu yake. Nimechukua mwavuli wangu nikaondoka.

Jumatatu, 31 Machi

Majaribio ya wifi yamekatishwa. Daktari kaniambia kwamba hospitali haiwezi kuwa na mtu anayezua hofu. Zamu ya mchana anaichukua mpwa wa daktari, kijana mpole anayependa mpira na haulizi chochote.

Nilidhani nitahisi nafuu. Jioni nimepika, mume wangu akala nusu, akasukuma sahani. "Ulimtetea?" kaniuliza. Nikasema hapakuwa na cha kutetea, mashine ilikuwa safi. Akasema sawa. Ananiamini, kwa sababu mimi sina maneno mengi, na watu wasio na maneno mengi huaminiwa hata wanapokosea. Hilo nalijua na nimelitumia.

Alhamisi, 3 Aprili

Waya. Mpwa wa daktari anasema mchana kulikuwa shwari. Nimemuuliza kama alitazama. Kasema, "Kutazama wapi, mama?"

Jumatano, 9 Aprili

Diski imekufa.

Nilifungua mlango nikasikia mlio, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga meno kwa baridi. Skrini ilikuwa imeganda. Niliizima, nikaiwasha, haikuamka. Mpwa wa daktari alikuwa ameondoka jana bila kuona kitu, na simlaumu, hakuna aliyemfundisha.

Kufikia saa nne benchi la nje lilikuwa limejaa. Mwenye daftari la miadi anaita jina, mgonjwa anaingia, na daktari hana picha ya kutazama. Nakala ya nje tunaipeleka kila wiki kwenye jengo la pili, lakini inapita kwenye waya ule ule unaokatika, na nilipokwenda kuangalia nikakuta ya mwisho kukamilika ni ya kabla ya mvua. Kila kilichopigwa tangu mvua ianze hakipo.

Alikuwepo mzee mmoja wa nyonga, na mkewe akimshika kiwiko. Walipanda gari alfajiri. Alikuwa apasuliwe leo. Daktari alimweleza kwamba lazima apigwe picha upya, na chumba cha upasuaji kimeshapangiwa mwingine, kwa hiyo arudi wiki ijayo. Mzee hakulalamika. Alisema tu, "Basi ngoja nikae kidogo kwanza," akakaa, na alipoinuka alitumia muda mrefu sana, na sisi wote tulijifanya tunatazama pengine.

Daktari alishuka, safari hii hakuweka mikono mfukoni.

"Ilikuwa inaonyesha dalili?"

"Diski hufa ghafla, daktari. Kama watu."

Nilisema hivyo na niliamini. Au niliamini kiasi cha kuweza kusema. Nimerudi nyumbani sina hamu na kitu, mume wangu kanitazama akaanza, "Kwa hiyo dada alikuwa..." Nikamkatiza, nikamwambia mtu akisema kila siku mvua itanyesha, siku moja itanyesha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama mkwe kapiga simu kunipa pole. Anasema ni mdomo wa binti yake. "Kaiombea mabaya mashine ya watu, mabaya yamekuja. Nimemwambia leo asubuhi mdomo ule utamfukarisha." Nikasema asimseme hivyo. Nilisema kwa sauti ndogo sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Diski mpya imefika. Nimeipanga seva siku nzima. Na fundi wa waya naye hatimaye amekuja, kakata kichwa kilichoingia kutu, kaweka kipya.

Jumanne, 15 Aprili

Nimefika, nimeweka chai, nimeandika asubuhi.

Mistari minne imetokea.

Nikangoja mingine. Haikuja. Jana jioni, waya ulipokwisha kubadilishwa, niliyafuta maneno yote ya kuwaka kwake; usiku mashine ikasema mambo manne, ikanyamaza. Minne, halafu skrini nyeupe chini yake, na nikajiuliza mbona leo kuna nafasi. Tangu mvua ianze sijawahi kuona nafasi. Kila siku ilikuwa ishirini kamili, ishirini kamili, waya mpaka chini. Sufuria ikijaa mpaka ukingoni kila siku, mtu mwenye akili anauliza kimemwagika kiasi gani.

Nilifungua mkato wangu nikautazama kama kitu kilichoandikwa na adui. dmesg -c, kisha tail -20. Herufi ile c inafuta yote. Ile ishirini inaonyesha ya mwisho tu. Vyote viwili navijua, navijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini sikuwahi kuviweka pamoja: kwamba ninafuta yote na kusoma mkia. Waya ulipoanza kukatika usiku kucha, kelele zake zilijaza ile ishirini, na kilio cha diski cha jioni kikabaki juu, nisikokuona, na mimi ndiye niliyekifuta kila siku kabla chai haijapoa.

Yeye alikuwa anasoma kutoka juu. Mimi nilidhani ni upuuzi wake wa kupenda hadithi.

"Ulisoma yote?" "Yote." Nimejisikia nikilisema hilo neno tena na tena, mpaka mtu wa eksirei kaingia kuniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepanda kwa daktari. Nilitaka kumweleza kwa kirefu, lakini sina ufundi huo, nikasema: alichosema wifi yangu kilikuwa kweli, nilikuwa nakifuta mimi bila kukisoma, arudishwe.

Alisikiliza vizuri. Aliniuliza maswali mawili ya maana. Kisha akasema nafasi ile imeshajazwa na mpwa wake kathibitishwa, na kwamba hakuna haja ya kuligeuza hili kuwa jambo kubwa, makosa ni ya kila mtu, mimi ni mfanyakazi mzuri, nibadilishe huo mkato na maisha yaendelee.

Nimebadilisha. Huduma niliyoizima nimeiwasha tena, na sasa maneno yote yanabaki. Hivyo vyote ilikuwa kazi ya dakika chache, na ningeweza kuifanya siku ile aliponiomba nibaki jioni.

Usiku nimemwambia mume wangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilikwenda mpaka kona ya kwa mama mkwe, nikarudi.

Jumanne, 22 Aprili

Mzee wa nyonga kapasuliwa. Wanasema anaendelea vizuri. Mvua imepungua.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemkuta wifi nyuma ya nyumba anaanua nguo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, na yeye hakuacha kukunja shuka. Nilipofika kwenye ile ishirini akasimama.

"Kwa hiyo hukusoma."

"Sikusoma, wifi."

"Na ukamwambia daktari yote."

"Nilidhani nimesoma."

Akaweka shuka kwenye beseni. "Unajua mimi nilifikiri nimechanganyikiwa? Naona jioni, mchana haipo. Naona jioni, mchana haipo. Nikasema labda ni kweli naongeza. Labda kichwa changu kinaongeza chenyewe."

Niliomba msamaha. Nilimwambia nimepanda kwa daktari na alichonijibu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua.

"Kazi basi. Lakini hapa nyumbani ninaishi mimi," akasema. "Waambie na hawa. Mama, kaka, wote. Kwa mdomo wako."

Nikamwahidi.

Jumapili, 4 Mei

Jua leo. Tulikuwa wote sebuleni kwa mama mkwe, mume wangu, shemeji zangu wawili, mama mkwe kwenye kiti chake. Wifi alikuwa jikoni anaosha vyombo, mlango wazi.

Nilisema. Sijawahi kusema kwa muda mrefu hivyo mbele ya watu. Nilieleza mashine inavyonong'ona, na mkato wangu, na waya, na ishirini, na jinsi mtu aliyesema kweli alivyoonekana mwongo kwa sababu nilikuwa nafuta nyuma yake. Nilisema kosa ni langu, si lake hata chembe. Nilisema na lile jina la Chumvi tuliache.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono, machozi yanamlenga.

"Mwanangu, una moyo mzuri. Umempa kazi, kaiharibu, na bado unamsitiri."

"Simsitiri, mama. Ni kweli."

"Najua, najua." Akanipigapiga mkono. "Wangekuwa mawifi wote kama wewe."

Shemeji mkubwa kasema hajaelewa mambo ya ishirini lakini amependa ninavyojishusha. Mdogo kacheka, kasema, "Leo shemeji naye katia chumvi." Nikamtazama mume wangu, yeye ndiye aliyejua, nikamngoja aseme. Akainamisha kichwa akasema, "Basi, yaishe."

Nikainuka nikaenda jikoni. Wifi hakugeuka.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimewaambia yote, wifi. Hawaniamini."

"Ndivyo wanavyofanya." Alisuuza sahani, akaiegemeza ukutani, akachukua nyingine.

"Sasa nifanye nini?"

"Rudia," akasema. "Mimi nilikurudia mara ngapi?"

Nimerudi sebuleni. Nimekaa mahali pale pale nikasema tena. Mama mkwe akanisogezea kikombe, akaniambia ninywe chai inapoa.